Spoki Hakusahau Oili

Nyumbani, chumba cha mbele kinachotazama banda,
Jumanne, tarehe 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wa mama,

Hujambo huko uliko? Mkeo hajambo? Na lile goti lako, bado linakutabiria mvua? Shemeji yako ameniagiza nianze kwa kukuuliza kama unakula, maana katika picha uliyotuma mwisho shingo imekuwa nyembamba kuliko ukosi. Nimemwambia hayo ni mashati ya kisasa, yanashonwa hivyo makusudi. Hakuridhika.

Sisi hapa tunashukuru. Mimi sijambo kwa kiasi cha mtu wa miaka sabini na sita ambaye daktari amemwambia moyo wake ni pampu iliyochakaa mipira. Kupanda ngazi tatu za kibarazani kunanichukua muda niliokuwa nikisahihishia daftari zima. Daktari hakunificha. Alisema tuhesabu miezi, miaka tuiache. Usilie. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na tano, kuhesabu vitu vidogo nakuweza. Tena nina furaha, kiasi kwamba shemeji yako amemwuliza daktari kama na hiyo ni dalili.

Furaha yenyewe ni pikipiki. Ile yako ya mashindano, ya kuruka vilima na kukata matope, uliyoiacha bila hata kuigeukia. Kwa miaka arobaini na minne fremu yake imening'inia kwenye dari ya stoo, juu ya masanduku yangu ya vitabu. Nimeishusha. Sasa imesimama bandani kwa magurudumu yake, tangi jekundu, tairi mpya zenye meno, na katikati yake ina injini nyingine kabisa. Aliyeiunda ni Spoki.

Najua umeacha kusoma hapo. Endelea, tafadhali.

Jina hilo halijaandikwa katika barua zetu tangu uondoke. Unasalimia majirani wote, hata yule aliyekuibia baiskeli, lakini Spoki, fundi wako, aliyelala chini ya pikipiki yako zaidi ya alivyolala kitandani kwake, humsalimii. Ulikuwa na sababu. Katika mbio zile za mwisho, mzunguko wa tatu, ukiwa mbele ya wote, pistoni iling'ang'ania ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likaganda, ukaruka juu ya usukani, mtulinga ukavunjika. Injini ile ilikuwa ya kunywa petroli iliyochanganywa na oili, na ilipofunguliwa hapakuonekana hata tone la oili. Mchanganyaji alikuwa Spoki. Ulimwambia mbele ya watu, mkono umefungwa kwa shati: "Umenimaliza, Spoki. Umesahau oili." Naye akainamisha kichwa.

Mdogo wangu, Spoki hakusahau. Asubuhi ile, ninyi wawili mkiwa ndani mnakunywa chai, mimi nilimwaga petroli aliyoichanganya, nikajaza tangi petroli tupu.

Nimeiandika sentensi hiyo kwa wino, isifutike.

Miaka mingi nilijiambia nilifanya vile kwa ajili ya mama, kwa kuwa siku za mashindano chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Nilidhani injini ingezimika taratibu, urudi nyumbani ukiisukuma, basi. Lakini mama nilimsingizia tu. Ule ulikuwa wivu. Mimi nilikuwa na vyeti vitatu ukutani na hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi. Wewe ulikuwa ukipita mara moja, tope hadi kwenye nyusi, mtaa mzima unatoka nje, hata mke wangu na mwiko wake mkononi.

Daktari aliponipa ile hesabu ya miezi, niliona nikulipe kwa chuma deni nisiloweza kukulipa kwa kinywa. Nikamwita Spoki. Alikuja na miwani iliyofungwa kwa waya, mwembamba vile vile, akaizunguka fremu mara mbili akiipapasa kama mtu anayechagua ndama. Nikamwambia tutafute injini kama ile ya zamani. Akakataa.

"Mwalimu, nitafutie injini yenye oili yake tumboni, isiyotaka kuchanganyiwa. Mkono huu ulishasahau mara moja."

Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu anayetaja saizi ya nati, kwamba tangu siku ile hajachanganya petroli na oili akiwa peke yake. Humwita mtu asimame ashuhudie: mkewe, mteja, hata mpita njia. "Hebu simama hapo. Unaona natia, eh? Umeona?" Watu humcheka, wakidhani ni mzaha wake.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia yote.

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, akatoka. Geti aliliacha wazi. Siku tatu hakuja, na siku hizo tatu mimi sikumeza kitu zaidi ya dawa. Ya nne nilimsikia kabla sijamwona, sauti inatoka barabarani:

"Mwalimu! Mimi sikusahau! Sikusahau, bwana wee!"

Aliingia anacheka, machozi yanashuka ndani ya miwani. Nikamwambia anipige, nitulie. "Nikuvunje nini, Mwalimu? Kila kiungo chako kimeshajivunja chenyewe." Nikamwuliza, basi, maadamu mkono wake ni safi, turudi kwenye injini ya kuchanganyiwa? "Thubutu! Sasa ndiyo naitaka ile yenye oili yake. Zamani nilikuwa naogopa mkono wangu. Sasa naogopa wako."

Siku hiyo hakushika spana. Alipita gereji hadi gereji akiwatafuta mashahidi wake wa miaka yote awaambie. Tangu hapo watu wakiniona kibarazani, wanaficha makopo ya petroli.

Kazi ya kupima niliichukua mimi. Hesabu si ndizo zangu? Nilipima fremu kwa rula na bikari, kimo, upana, tundu la bolti hadi tundu la bolti, nikachora kwenye karatasi ya grafu, nikamtuma shemeji yako kwa muuza vyuma chakavu. Akarudi na injini ya pikipiki ya kubebea mizigo, ikaingia kwenye fremu kama mguu kwenye soksi. Nilikuwa bado najisifu Spoki alipochuchumaa nyuma, mabega yakaanza kumtikisika.

"Mwalimu, injini hii cheni yake inatokea kushoto."

"Kwani vipi?"

"Gurudumu letu, meno ya cheni yako kulia."

Milimita zote nilizipata, upande sikuuliza! Shemeji yako alicheka hadi akaliegemea tangi. "Na huyu ndiye aliyekuwa akiwapigisha magoti watoto wa watu kwa kukosa jibu." Ilimbidi Spoki aligeuze gurudumu la nyuma zima, akate na kuchomelea upya vishikio, kisha ahamishe pedeli ya breki. Kwa hiyo sikia vizuri: sasa gia ni mguu wa kushoto na breki ni wa kulia, kinyume cha ulivyozoea. Ukiruka usukani safari hii, si mimi.

Jumamosi tuliiwasha. Walinitoa nje na kiti changu, kama bibi harusi. Spoki alipiga kiki mara sita, ikawa inakohoa tu. Ya saba ikanguruma. Si ile sauti yake ya zamani ya nyuki aliyechokozwa. Hii ni nzito, ya mzee anayesafisha koo kabla ya kutoa hotuba. Shuka jeupe la shemeji yako lililokuwa kambani lilipata doa la moshi. Alilianua, akalikunja, akalitandika upande wangu wa kitanda.

Kisha wakanipandisha, mmoja huku, mmoja kule, bila gia, nikavuta mafuta. Sikuwahi kukaa juu ya pikipiki yako maisha yangu yote. Nilicheka hadi pumzi ikaniisha wakanishusha. Nikafahamu ulichokuwa ukikikimbilia, na nikafahamu nilichokunyima.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeona nikitangulie kifo. Sikuombi usinikasirikie. Kasirika, haki yako, tena uchukue muda wako, wala usiuharakishe kwa sababu ya miezi yangu.

Ninalokuomba ni la Spoki. Mwenyewe anasema hataki chochote, lakini kila mleta barua akipita, yeye hutoka hadi getini akijifanya anatafuta spana. Mwandikie yeye. Kwa mkono wako, kwa jina lake, umwambie unajua kwamba hakusahau. Anwani yake nimeiandika nyuma ya picha ya pikipiki iliyomo humu. Kama moyo wako una nguvu ya barua moja tu, isije kwangu. Nikiondoka bila neno lako, huku namsikia Spoki bandani akiwasomea watu barua yake kwa sauti kubwa kama anavyofanya kila kitu, nitakuwa nimepata zaidi ya nilichostahili.

Shemeji yako anakusalimu sana, na anasema ule. Binti zangu wote wawili wanakuamkia. Nisalimie mkeo, na wanao, na yule mjukuu wenu anayeuma watu.

Mungu akupe njia kavu na breki zinazoshika.

Ni mimi kaka yako, niliyekupenda kabla sijakukosea, na nikupendaye bado,

Mwalimu