Mwanamke wa Jangwani

Milembe uko wapi? Bundala kamaliza ule mchoro wake wa jangwa, kautundika sebuleni.

Mchanga mtupu, hata mti hakuna. Katikati kuna mwanamke kakaa peke yake, ametugeuzia mgongo.

Nikamwambia, "Mume wangu, huyu ana huzuni." Akadakia, "Hana huzuni. Anamsubiri mtu."

Anamsubiri mtu! Nikauliza nani. "Ni picha tu, Rachel." Picha tu, halafu anajua mpaka moyo wa huyo mwanamke?

Sasa hivi mama mkwe kafika kutoka Nkololo. Hata hajakaa, kaitazama, kacheka: "Hee, si Justina huyu! Ndivyo anavyokaa."

Justina wa Lamadi, mwenzangu! Mchumba wa zamani wa mume wangu!

Nikamwangalia Bundala. Kaanza kumuuliza mama yake habari za pamba.