Niliandika Mgongo, Shangazi Akaumia Nyonga

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, na nakusihi unisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, maana mwenyewe nimeshajihukumu na bado sijapata nafuu.

Mimi ni karani wa kumbukumbu katika kliniki ya mifupa ya hospitali moja kubwa, kazi yangu ni kupokea kadi ya mgonjwa akitoka kwa daktari na kuingiza kwenye kompyuta sababu iliyomleta, na sababu hizo zimepangwa kwenye orodha ndefu, sasa mtu aliyewekewa nyonga ya bandia akija kulalamika inakubidi ushuke kurasa tatu, ukishaipata kompyuta inadai namba ya kile kifaa, na namba iko kwenye stika ndani ya faili la upasuaji, na faili liko stoo ng'ambo ya uwanja, huku foleni imefika mlangoni na watu wananigongea dirisha, “Dada, sisi tungekuwa na miguu ya kusimama tungekuja hapa?” Lakini “maumivu ya mgongo” iko mstari wa pili na haiulizi kitu, basi siku moja nikabonyeza hiyo, kesho nikabonyeza tena, mwisho mkono ukazoea, na kwa miaka mitano kila nyonga iliyolalamika mimi niliiandika mgongo.

Mwaka jana wakaja watafiti wawili, daktari mmoja mama mpole na mwenzake wa takwimu. Walieleza kwamba hawatamsumbua mgonjwa yeyote, watachukua tu yale tunayoyaandika kila siku, bila majina, wahesabu nyonga za bandia za aina gani zinadumu na zipi zinasumbua. Mshauri, nilijua siku ileile, ila nikajisemea kosa langu litayeyuka humo kama chumvi mtungini, nikanyamaza. Wakasifu kumbukumbu zetu kwamba ni safi. Siku ya kusoma matokeo nilikalishwa kiti cha mbele, ikatangazwa kwamba nyonga ya aina fulani, ile inayowekwa sana kwetu, karibu haina malalamiko kabisa, watu wakapiga makofi na mimi nikapiga.

Shangazi yangu anayo hiyo. Ni dada wa baba, ndiye aliyenilea, fundi cherehani. Alikuwa amekuja kliniki mara tatu akilalamika kwamba chuma kinamkwaruza ndani akikanyaga, na mara zote tatu ni mimi niliyeingiza kadi yake, mgongo, mgongo, mgongo, kwa mazoea, wala sikusita. Aliporudi baada ya yale matokeo, daktari akafungua kompyuta akamwambia, “Mama, hakuna mwingine anayelalamika, huu ni umri tu.” Akaamini, akarudi kwenye cherehani. Miezi minne baadaye akaanguka jikoni, wakampasua, wakakuta chuma kimelegea na kimesaga mfupa. Sasa amelala nyumbani kwake, mguu mmoja umekuwa mfupi, na nilipompelekea uji akanishika mkono akasema, “Ni bahati yangu mbaya tu, mwanangu. Wenzangu wote wamepona, kompyuta si imeonyesha?” Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Nilimwambia bosi wangu, akanijibu, “Usiamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe.” Mume wangu anasema nisahihishe kidogo kidogo, nani atajua, na nimeshabadilisha rekodi kumi na moja, nikianza na zile tatu za shangazi, lakini ya kumi na mbili niliifungua nikaifunga bila kuigusa. Niendelee kimyakimya, niache kazi, au niseme? Na shangazi nimwambieje?

Karani mwenye majuto

MSHAURI ANAJIBU

Karani, pole. Lakini pole ya kwanza ni ya shangazi yako, yako inafuata.

Foleni naielewa, na aliyepanga orodha ile bila kukuuliza wewe unayeitumia ana lake la kujibu. Daktari aliyeiuliza kompyuta badala ya kumsikiliza mama aliyekaa mbele yake, naye pia. Ila usijifiche nyuma yao. Foleni ilikuwa inakwisha kila siku, ulichoandika kikabaki. Na siku watafiti walipokaa mbele yako wakakueleza watakifanyia nini, ulikuwa na sentensi moja tu ya kusema, ukaimeza. Hapo ndipo kosa la mkono lilipogeuka kuwa la moyo.

Sasa unataka kuongeza la tatu. Acha mara moja kugusa rekodi hizo! Wewe unaona unasahihisha. Mwingine ataona karani anayebadilisha kumbukumbu kwa siri, tena akianza na za ndugu yake. Kaa chini leo, orodhesha zote kumi na moja, kila moja na ilivyokuwa kabla.

Kisha mwandikie yule daktari mtafiti, nakala kwa mganga mkuu wa hospitali. Andika ulianza lini, na ulibonyeza nini badala ya nini. Waambie kadi zenye mwandiko wa madaktari zipekuliwe, na faili zenye stika, wahesabu upya wao wenyewe. Wapo watu wanaotembea leo na chuma kilekile, wameambiwa ni umri. Hao waitwe wapigwe picha kabla mfupa haujasagika. Bosi wako anasema usiamshe aliyelala. Nani amelala hapo? Watu wanakesha na maumivu.

Kazi huenda ukaipoteza, sikudanganyi. Ila usiikimbie, maana bila wewe hawatajua pa kuanzia kupekua.

Shangazi umwambie kesho, kabla barua haijafika, asije akasikia kwa wauguzi. Usilie. Ukilia ataanza kukubembeleza wewe, na mazungumzo ni yake. Mwambie, “Shangazi, haikuwa bahati yako mbaya. Wengine walilalamika kama wewe, na mimi ndiye niliyewaandika vingine, na wewe pia.” Msamaha usiuombe siku hiyo. Ukishasema, nyamaza, umwache aseme yeye, hata kama ni kukufukuza. Akikufukuza, ondoka. Kesho yake urudi. Bado atahitaji mtu wa kumshika akishuka kitandani.