Damu Niliyotoa kwa Jina Lako

Kaka Okoth,

Juzi nilienda hospitali Homa Bay kurudisha kadi yako, basi. Daktari akafungua daftari lake, akasema kifo chako kimemshinda kuelewa.

Unakumbuka ile damu waliyokuwa wakija kuchukua hapa Sori, baada ya wewe kuchomwa miale Nairobi na uvimbe wa shingo kwisha? Ilikuwa ya kuhesabu askari wa mwili wanaopigana na kile kirusi kilichokuletea saratani nyuma ya pua. Wakiongezeka, ugonjwa unarudi, hata kama shingo iko laini. Hilo nimelijua juzi, kaka. Juzi, ukiwa umeshazikwa.

Mara ya mwisho walipokuja ulikuwa umeenda Migori kutafuta misumari ya mashua. Muuguzi alikuwa mgeni. Akaita jina lako, nami nikakunja shati nikampa mkono achukue damu, usije ukafutwa kwenye orodha. Nilipokuambia ulicheka hadi ukashika mbavu. "Si tumetoka tumbo moja, omera, ndugu yangu? Damu ni ile ile."

Majibu yakaja mazuri. Mama akachinja jogoo. Hata sikio lilipoziba na pua ikaanza kutoka damu, ulikataa kurudi hospitali. "Damu yangu imeshasema niko sawa." Ilikuwa yangu, kaka. Nimelirudia hilo njia nzima kutoka Homa Bay na bado haliniingii.

Daktari alisema kwa sababu yako hakiamini tena kipimo kile. Kuna mama wa Lambwe ambaye damu yake imeonyesha hatari, na sasa anasita kumwita. Nikaaga, nikatoka. Niliogopa, na ninaona aibu.

Mashua yako iko pale pale ulipoiacha, mbao mbili hazijapigiliwa. Sijaigusa. Mama anauliza mbona sili.

Kesho asubuhi narudi Homa Bay. Nitamwambia daktari ile damu ni yangu, aiondoe kwenye jina lako, amwite yule mama wa Lambwe upesi. Kisha nije nimwambie Mama yetu, na hapo sijui nitaanzia wapi.

Pumzika, kaka. Jina lako likiitwa tena, sitaitika.

Mdogo wako,
Ouma