Guta Lililokuwa Likizima kwa Minza

Mwanangu Maduhu,

Marahaba. Najua hujanisalimia, lakini naitikia kabisa, maana nikisubiri shikamoo yako ifike kutoka huko machimboni Geita nitakuwa nimeshasahau ninachotaka kusema. Mama yako hajambo. Kiangazi kimekaza hapa Ushetu, ng'ombe wanakwenda mbali kufuata maji, ila wote wapo. Hayo tunaambiana kwenye simu kila Jumapili, na yakiisha tunaagana. Jambo lenyewe hatujaligusa, na anayelikwepa ni mimi. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Bahasha sitaifunga. Nilikutukana mbele za watu, basi na barua hii aisome anayetaka.

Unakumbuka siku tuliyolileta guta letu kutoka Kahama? Mkweche wa matairi matatu uliokwisha kupita mikono ya watu watatu, rangi imebaki kwenye tanki tu. Wewe uliendesha, mimi nikakaa nyuma kwenye bodi kama mfuko wa mbolea. Mvua ikatukuta njiani, maji yakapenya kwenye tanki kupitia mfuniko, mashine ikakohoa, ikafa. Tukaisukuma toka barabara kubwa mpaka nyumbani, tope limetufika magotini, na wewe ukacheka njia nzima. Mimi nilinuna, lakini moyoni nilifurahi kuwa na mtoto anayeweza kucheka katika hali ile. Sikukuambia.

Kesho yake nikakata kipande cha nailoni kutoka ndani ya mfuko wa mbolea, nikafunika mdomo wa tanki, nikakaza mfuniko juu yake, kisha nikazungushia mpira wa tyubu. Fundi mimi. Nikakuonya kwamba nailoni ile isitoke, kila ukijaza mafuta uirudishe kama ulivyoikuta. Uliitikia, na ndivyo ulivyofanya.

Haukupita muda guta likaanza kuzima. Wala halikuzima popote tu. Lilizima asubuhi, tanki limejaa, limebeba marobota ya tumbaku ya kupeleka ghalani, na lilizima pale pale njia panda, mbele ya banda la Minza, yule binti wa maandazi. Majirani wakipita wanakuona umekaa kwenye benchi lake. Jioni ukirudi, halizimi. Nami nikajipa uhakimu: asubuhi Minza yupo, jioni ameshafunga banda, basi ugonjwa wa guta naujua. Fundi wa mjini akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, chujio na mpira wa mafuta, akaliwasha likanguruma vizuri, akasema halina kitu. Mama yako alisema hata yeye angesimama pale kwa maandazi yale. Sikucheka.

Kisha ikaja siku ile ya soko. Ulifika ghalani mpimaji ameshafunga mizani na kuondoka, mikono yako myeusi kwa oili, na tumbaku yetu ikakosa kupimwa. Nilikuwa nimesimama na wakulima wenzangu wote wa chama cha ushirika. Aibu ikanipanda kichwani.

"Mashine haina ubovu," nikasema. "Mbovu ni wewe. Mwongo, unauza jasho la mama yako kwa andazi. Una la kusema?"

Watu walicheka. Ulinitazama, ukalitazama tanki, halafu ukasema, "Sina, baba."

Wiki nzima baada ya hapo kila ukiingia ndani mimi nilitoka. Siku ya nane ukaondoka na vijana wa machimbo. Mama yako alikusindikiza mpaka barabarani. Mimi nilibaki zizini nikijifanya nahesabu ndama, na ndama walikuwa wawili.

Tumbaku iliyobaki haina miguu, kwa hiyo ilibidi niendeshe mwenyewe. Nikajaza tanki, nikafunga nailoni yangu vizuri, nikaondoka kifua mbele nikaonyeshe watu jinsi guta linavyoendeshwa na mtu mkweli. Likazima mbele ya Minza. Hatua tatu kutoka kwenye benchi, Maduhu. Akanisalimu, "Mwangaluka, baba," nami kwa aibu nikasema nimepita kunywa chai. Nikanywa vikombe vitatu bila hamu, kisha nikapiga kiki, likawaka. Soko lililofuata likazima tena pale pale. Safari hii Minza hakunikaribisha chai. Alikuja na mikono yake ya unga akasimama kando ya guta.

"Baba, fungua mfuniko wa mafuta," akasema.

Nikafungua. Tanki likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Nikapiga kiki moja tu, likawaka.

Umri wangu wote nimemimina maji kwenye dumu na najua kwamba ukiziba njia ya hewa maji hukatika. Mfuniko wa tanki nao una kitundu chake cha kuingizia hewa, na mimi niliyekuwa nikikuita mwongo ndiye niliyekiziba kwa nailoni. Tanki likijaa, hewa iliyobaki ndani ni kidogo, kwa hiyo mafuta yanagoma kushuka mapema, na mwendo wa kutoka kwetu hadi kwa Minza ndio uliolingana na kugoma huko. Jioni tanki limepungua, hewa inatosha, linafika nyumbani. Na ukikaa unakunywa chai, hewa hupenya polepole, ndiyo maana liliwaka tena. Na fundi, kila tulipompelekea, alianza kwa kufungua mfuniko achungulie, hewa ikaingia. Nyani haoni kundule.

Nikamuuliza Minza kayajulia wapi. Akasema kwako. Akasema siku ile uliyochelewa soko ndiyo siku uliyogundua. Ulilifungua guta zima pale barabarani, kipande kwa kipande, mpaka ukafika kwenye mfuniko. Akakushauri ukanieleze huko huko ghalani ili usalimike. Naandika jibu lako kama alivyonipa: "Nailoni ameiweka baba kwa mkono wake. Nikamwambie mbele za watu? Nitamwambia nyumbani, tukiwa wawili."

Mwanangu, nilikaa kwenye benchi lile mpaka jua likawa kali. Ulikuwa na jibu mdomoni, nikakuuliza mbele ya kundi zima, ukalimeza ili mimi nisichekwe. Na nyumbani, tulipokuwa wawili, nikawa natoka. Nimekulea nikikuimbia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa mkuu mwenyewe ndiye anayechechemea, na nakwambia inauma.

Niliitupa nailoni, nikazibua kitundu kwa pini ya mama yako. Tangu hapo guta halijazima. Lilivyozidi kwenda vizuri ndivyo nilivyozidi kuumia.

Soko la mwisho nilisimama ghalani, wakulima wale wale wakiwepo, nikawaeleza yote, nailoni, tyubu na chai. Walicheka kuliko walivyokucheka wewe, na nikaona ni haki. Walipomaliza, mzee mmoja akaniuliza, "Na Maduhu mwenyewe umemwambia?" Nikarudi nyumbani, nikatafuta kalamu.

Kuhusu Minza sikuulizi kitu. Ila ujue mama yako siku hizi anapeleka karanga pale njia panda bila kutumwa na mtu, na ameanza kumwita mkwe wakati mimi sijatuma hata mshenga. Minza hakatai. Anauliza tu kama huko machimboni mnakula vizuri.

Sikuiti kwa amri. Kama unaona riziki yako iko huko, chimba kwa amani na uangalie kamba za shimo kabla ya kushuka. Lakini nyumba ni yako na guta ni lako. Ukija na hasira, njoo nazo zote. Nitakaa kitini na sitanyanyuka mpaka umalize.

Sasa namjibu yule mzee. Hukuwa mwongo, Maduhu. Mimi ndiye niliyekosea, nikakosea kwa sauti kubwa, na wewe ukanistahi nikiwa sistahili. Nisamehe, ng'wanawane, mwanangu. Neno hili la nisamehe sijawahi kumwambia mtoto wangu yeyote, wala mimi baba yangu hakuwahi kuniambia. Wewe ukipata wako, usimcheleweshee.

Baki salama,
Baba yako