Kichwa cha Bihogo Kishike Wewe

Goziba, Jumatano

Mama Koku mke wangu,

Nakusalimu waitu, na Mama yangu nampigia magoti kutoka huku kisiwani. Mgongo wake unaendeleaje na kazi ya kahawa? Koku kamaliza mitihani? Mimi mzima, ila dagaa wananyeshewa siku ya tatu leo, hawakauki, kambi nzima inanuka.

Jana ulipopiga simu ukasema uvimbe wa ng'ombe wetu Bihogo umerudi chini ya taya, unaning'inia kama mfuko wa maji, na anaharisha. Ukaniuliza, "Mbona bwana mifugo alikwambia amepona?" Nikasingizia mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri. Ndiyo maana naandika, kwenye simu ningekwepa tena.

Bwana mifugo hakuniambia amepona. Mimi ndiye niliyempigia, nikamwambia asirudi, ng'ombe tumemuuza. Halafu nikakudanganya wewe.

Sababu yenyewe ni aibu. Siku ile alipomnywesha Bihogo dawa, ulinisimulia: "Akaniambia, mama, inua kichwa kidogo tu, ukizidisha dawa itaingia mapafuni. Nikakiinua mno, akanishika mkono." Ukacheka. Kicheko kile sijakisikia tangu nije huku. Baada ya hapo kila simu ikawa bwana mifugo kasema. Kasema ufunue jicho la ng'ombe, ukiona ndani ya ukope ni kweupe ujue damu inaisha. Kasema asilishwe bondeni kwenye maji, konokono wa kule ndio wanaeneza minyoo ya ini. Kasema atarudi kurudia dawa, maana minyoo michanga haikufa yote. Mimi nageuza dagaa, nasikia neno moja tu: atarudi. Yeye ana pikipiki na buti safi. Mimi hata nikioga sabuni mbili nanuka samaki.

Nilimpigia hadi Mama, nikamuuliza kama huyo bwana huwa anakaa kunywa chai. Mama akanijibu, "Anakunywa. Na wewe rudi unywe."

Leo asubuhi nimempigia bwana mifugo. Nimemwambia ng'ombe yupo, mimi ni mwongo. Akaanza kuniuliza.

"Anakula?"

"Kidogo."

"Ana mimba?"

"Miezi mitano."

"Afadhali umesema, kuna dawa hazimfai mwenye mimba." Kisha akauliza, "Ni ng'ombe wa mama yupi? Huko Kaagya kina mama ni wengi."

Hakukumbuki, Mama Koku. Nikafurahi. Halafu nikakasirika, mtu anakusahauje wewe?

Atakuja Jumamosi. Hakuahidi kwamba Bihogo atapona, amechelewa kutibiwa. Kwa sasa mkatie majani ya huko juu, asishuke bondeni. Akishanyweshwa, maziwa msinywe mpaka mruhusiwe. Na akifa, atakayekuja kukwambia karogwa mwambie mchawi unamjua, yuko Goziba.

Hapo juu pembeni utaona mstari nimeukata. Niliandika kwamba siku hiyo kichwa cha Bihogo akishike kaka yako. Nimekata mwenyewe. Kaka yako ana mikono ya kupasua mbao, atamtisha. Kishike wewe, wewe anakujua.

Nisalimie Mama, na Koku, na huyo kaka yako fundi asikasirike, na mama mchungaji anayekuombea majani ya ng'ombe kwa majirani. Barua hii anakuletea jirani yangu wa kambi, anavuka na boti ya kesho. Usiisome mbele yake.

Unisamehe ukiweza. Hata usipoweza leo, bwana mifugo akimaliza kazi Jumamosi usimwache aondoke hivi hivi. Mpe chai.

Mimi mumeo,
Baba Koku