Kiraka Hataki Kubaki Peke Yake

Shangazi mshauri, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, nakuandikia maana nimebanwa kila upande na sina pa kuegemea. Nina mbwa, tunamwita Kiraka kwa ajili ya doa jeusi juu ya jicho, nilimwokota nyuma ya duka la vitambaa akiwa mdogo na tangu siku hiyo kalala chini ya cherehani yangu, mimi nakanyaga pedali yeye anakoroma, kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa nashonea sebuleni. Sasa nimepata kazi kwenye kiwanda cha sare, natoka asubuhi narudi jioni, mume wangu ni dereva wa lori na muda mwingi yuko safarini, kwa hiyo Kiraka anabaki peke yake, na hapo ndipo balaa lilipoanza, maana anabweka mpaka sauti inamkauka na mlango ameukwaruza mpaka rangi imebanduka.

Ingekuwa nyumba yetu ningesema potelea mbali, lakini tumepanga, na ukuta mmoja tu unatutenganisha na muuguzi wa zamu za usiku, rafiki yangu hasa, ndiye aliyekesha na mimi nilipolazwa. Yeye analala mchana, na Kiraka hampi nafasi. Mwanzoni alinitania, "Jirani, mwanao angefaa kwaya," lakini siku hizi salamu yangu anaiitikia huku anafunga mlango. Mwenye nyumba kasema mwezi ukiisha mbwa aondoke, la sivyo tuondoke naye. Shemeji yangu ana yadi ya vyuma chakavu, anamtaka amfunge mnyororo getini, na mume wangu ameshakubali, ananiambia, "Huko abweke anavyotaka, ndiyo kazi yenyewe." Nampenda yule mbwa, Shangazi, siwezi kumwona kwenye mnyororo.

Na usidhani nimekaa tu. Kila asubuhi nampigia magoti, namshika masikio, namweleza kwamba mama anakwenda kutafuta riziki na atarudi, machozi yananilengalenga, kisha nawasha redio asijione mpweke, tena naiweka kwenye kipindi chako hiki kwa vile sauti yako ni ya upole. Nikifika getini nasikia kaanza, narudi kumbembeleza, nikitoka anaanza tena, narudi tena, mpaka msimamizi ameniita ofisini kwa uchelewaji. Siku hizi redio ikisikika tu, kabla hata sijagusa mkoba, anaanza kutetemeka. Siku za mapumziko siiwashi, nashona zangu, na hatoi hata mlio. Nifanyeje?

Ni mimi, Fundi Mwenye Mbwa.

*

Marahaba, mwanangu. Pole yako, ingawa pole kubwa ni ya muuguzi, maana wewe kelele unaziacha getini, yeye analala nazo.

Nikuambie bila kukuficha: Kiraka hana kosa. Umemfundisha mwenyewe, tena kwa mapenzi tele. Mtu wa kazini haagi kwa magoti kama anakwenda vitani. Habari za riziki mbwa hazielewi; anachokiona ni machozi yako, na anajua kuna msiba. Halafu akibweka, unarudi. Kapiga kelele, mama kaja, sasa anyamaze kwa lipi?

Na hiyo redio. Sauti aliyokulia ni ya cherehani. Redio umemletea juzi, na unaiwasha pale tu unapoondoka. Kwa hiyo mimi na upole wangu wote, mbwa wako akinisikia anajua ameachwa. Nimepewa majina mengi katika kazi hii, ila hilo la kengele ya kuachwa lilikuwa bado.

Sasa nisikilize. Leo ukitoka kazini, kabla hujavua viatu, mgongee muuguzi. Visingizio viache kwako. Mwambie, "Dada, nimekunyima usingizi, nisamehe, nipe nafasi nirekebishe," na umuulize zamu zake, mazoezi yote uyafanye akiwa hayupo. Aliyekesha na wewe hospitali hakustahili kununiana na wewe kwa sababu ya mbwa.

Mazoezi yenyewe ni haya. Shika mkoba, kisha ukae. Vaa viatu, kisha uoshe vyombo, mpaka azoee kwamba mkoba si kitu. Toka nje kidogo, urudi akiwa bado kimya, na usimsalimie kwa shangwe. Ongeza muda polepole. Akibweka, ngoja nje mpaka atulie, hata moyo ukuume. Wakati anajifunza asiachwe kutwa: tafuta mama wa jirani anayeshinda nyumbani akae naye, nawe umshonee gauni. Asubuhi mtembeze mpaka achoke, mwachie mfupa wa kutafuna na kitambaa anacholalia, kisha toka kama mtu anayekwenda kutupa taka.

Mumeo mwambie shemeji atafute mlinzi. Kiraka anabweka kwa hofu, na kwenye mnyororo hofu haiishi.

Na mimi asubuhi usiniwashe. Kipindi hiki kinarudiwa jioni. Niwashe hapo, sauti ya chini, wewe ukiwa umekaa, mguu kwenye pedali, naye chini yake. Nataka angalau mara moja anisikie na wewe hujaenda popote.