Baiskeli za Kuzinduliwa

Dada Rehema,

Shikamoo. Huku Makutupora jua linachoma, ila zabibu zake asali tupu. Leo wafadhili wamekikabidhi baiskeli kikundi cha akina mama wanaobeba zabibu kichwani hadi sokoni. Walikuja kwa msururu wa magari, kila mmoja na lake, kutuhubiria ubaya wa moshi! Mgeni rasmi akakata utepe, tukapiga makofi. Mama Chilewa, mwenyekiti wa kikundi, akapakia tenga lake kwenye keria. Ofisa mmoja wa wafadhili akamshika mkono: "Mama, usizichafue! Mwezi ujao anakuja mgeni mkubwa zaidi, tutazizindua tena."

Zikafungiwa stoo. Mama Chilewa akasonya, akajitwisha tenga, akaondoka kwa miguu. Usafiri usio na moshi ndio huo!

Nibusie wanao. Ile baiskeli yao kuukuu, ambayo hakuna aliyewahi kuikatia utepe, waiendeshe mpaka ing'oke magurudumu.

Mdogo wako,
Asha